Mads Mikkelsen: Mwovu Ugenini, Mtu Kwao

Sifa ya msanii ivukapo mipaka ya nchi yake aghalabu huvuka nusu, na nusu ya pili husalia nyumbani pamoja na lugha. Jambo hili laonekana wazi katika kazi ya Mads Mikkelsen, mwigizaji wa picha za sinema na michezo ya televisheni kutoka Denmark. Watazamaji wengi wa dunia wamjua kwa uovu: mtu mrefu, mwenye mashavu makavu, macho mazito na maneno machache, ambaye aingiapo chumbani hatari huingia pamoja naye. Watu wa nchi yake wamjua kwa sura nyingine. Kwao yeye ni mwalimu aliyechoka, mchungaji wa kanisa asiyetaka kuuona ubaya, mume aliyepotea njia, jirani aliyesingiziwa. Nyuso hizi zote ni za mtu mmoja, na mwili ni ule ule. Hata ukimya wake ni ule ule. Kinachobadilika ni kazi ambayo ukimya huo umepewa kuifanya. Kulieleza badiliko hilo ni njia ya kumwelewa Mikkelsen, na pia ni njia ya kupima kile ambacho mwigizaji wa lugha ya watu wachache hukipata, na kile ambacho hukipoteza, anapoitwa na lugha ya watu wengi.

Mikkelsen alizaliwa Copenhagen tarehe 22 Novemba 1965. Kaka yake Lars, aliyezaliwa mwaka 1964, naye ni mwigizaji mwenye jina. Lakini Mads hakuanza na maneno. Utotoni alijifunza michezo ya viungo, kisha akawa mcheza dansi wa jukwaani, na kazi hiyo akaishika kwa karibu miaka kumi. Alihitimu katika chuo cha uigizaji cha Aarhus mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 30, wakati ambapo wenzake wengi wa umri huo walikwisha kuzoea kazi. Kuchelewa huku kulimfaa. Mcheza dansi hufunzwa mambo mawili ambayo mwigizaji wa maneno huyapata kwa shida: kwamba mwili huanza kusema kabla ya kinywa, na kwamba kutulia ni tendo. Anayemtazama Mikkelsen akisimama mlangoni, au akiweka bilauri mezani, amwona mtu anayejua uzito wake umekaa wapi. Elimu hiyo hakuipata kwa kukariri maneno ya mchezo.

Hata hivyo, wanaodhani kuwa ukimya ni tabia aliyozaliwa nayo hawana budi kumtazama katika picha yake ya kwanza kubwa, *Pusher*, aliyoiongoza Nicolas Winding Refn mwaka 1996. Humo yeye ni Tonny, mhuni mdogo wa Copenhagen, mropokaji asiyejua wakati wa kunyamaza, ambaye majigambo yake ni marefu kuliko uwezo wake. Mwaka 2004 Refn alimrudisha Tonny katika *Pusher II*, na safari hii simulizi nzima ni yake. Ametoka gerezani, amechorwa neno la kudai heshima kisogoni kwa wino usiofutika, mahali ambapo kila mtu aweza kulisoma isipokuwa yeye mwenyewe. Baba yake, kigogo wa wezi wa magari, hamhesabu kuwa mtu. Katika picha hii ya pili kelele za Tonny zapungua kidogo kidogo, na kila ukimya unaoingia wafuata tusi fulani alilolimeza. Mwishoni, baada ya kumwua baba yake, amchukua mtoto wake mchanga na kupanda naye basi. Hakuna maneno yanayoeleza kwa nini, wala hayahitajiki. Basi ukimya wa Mikkelsen ulitengenezwa kazini, na ulitengenezwa kwa kuyapima maneno yaliyokuwa mengi kabla yake.

Baina ya picha hizo mbili televisheni ndiyo iliyomwingiza katika nyumba za Wadenmark. Kati ya mwaka 2000 na 2004 aliigiza askari mpelelezi Allan Fischer katika *Rejseholdet*, mfululizo wa sehemu 32 ulioonyeshwa na shirika la utangazaji la taifa, na ambao mwaka 2002 ulipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Fischer ni hodari kazini na hoi nyumbani. Kazi ya namna hii haishangiliwi sana na wahakiki, lakini humfunza mwigizaji kuishi na mtu mmoja kwa muda mrefu na kuzificha siri zake kwa akiba. Funzo hilo lilikuja kumfaa baadaye katika nchi nyingine, kama itakavyoonekana.

Mwaka ambao nyuso mbili za Mikkelsen zilitazamana ana kwa ana ni 2006. Mwaka huo alionekana katika *Casino Royale*, picha ya James Bond iliyoongozwa na Martin Campbell, akiwa Le Chiffre, mweka fedha wa magaidi na stadi wa karata. Mwaka huo huo alionekana katika *Efter brylluppet*, yaani *Baada ya Harusi*, ya Susanne Bier, akiwa Jacob, Mdenmark anayeendesha makao ya yatima nchini India, ambaye arudi Copenhagen kutafuta msaada wa tajiri mmoja na kualikwa kwenye harusi ya binti wa tajiri huyo.

Le Chiffre ana jicho linalotoa machozi ya damu. Picha yenyewe yakiri kuwa ni hitilafu ya mwili tu, isiyokuwa na maana nyingine. Ni chozi lisilo na huzuni, pambo la kumtambulisha mwovu. Mikkelsen alichukua pambo hilo na kulifanyia adabu: alifuta damu kwa leso kama mtu anayefuta jasho, akaendelea kucheza karata. Uigizaji ni mzuri, na hofu yake ni ya kweli, maana Le Chiffre mwenyewe ana hofu. Amepoteza fedha za watu wasiosamehe. Walakini mtazamaji haruhusiwi kukaa katika hofu hiyo. Kamera yahitaji uso huo uwe ukuta ambao Bond ataubomoa.

Sasa mtazamaji amtazame Jacob kanisani. Arusi imeanza, Jacob amechelewa na kuketi, na mbele yake amwona mama wa bibi arusi, Helene, mwanamke aliyempenda zamani. Ibada haimruhusu mtu kusema. Baadaye, karamuni, bibi arusi asimama kutoa hotuba, na katika maneno yake ya shukrani yatoka kwamba tajiri aliyemlea siye aliyemzaa. Jacob ahesabu miaka. Bier aipeleka kamera karibu mno, hata jicho moja lajaza kioo kizima, na Mikkelsen hafanyi karibu lolote. Lakini mtazamaji aliyekwisha kujua anachokihesabu aiona hesabu hiyo ikipita usoni mwake, na aona inapofika mwisho. Hapa ndipo tofauti ilipo. Katika picha ya kwanza ukimya wa Mikkelsen ni pazia: thamani yake ni katika kile inachokificha, na kazi ya mtazamaji ni kuogopa. Katika picha ya pili ukimya ule ule ni dirisha: mtazamaji ameelezwa kilicho ndani, na kazi yake ni kuumia pamoja na aliyemo.

Tangu hapo picha kubwa za Kiingereza zimependa kununua pazia. Katika *Doctor Strange* ya mwaka 2016 alikuwa mchawi aliyeasi. Katika *Fantastic Beasts: The Secrets of Dumbledore* ya mwaka 2022 alikuwa mchawi mtawala. Katika *Indiana Jones and the Dial of Destiny* ya mwaka 2023 alikuwa mtaalamu wa Kinazi. Mwaka 2024, katika *Mufasa: The Lion King*, mwili wake uliondolewa kabisa ikabaki sauti, na sauti hiyo ikapewa Kiros, simba mweupe mwenye ukatili. Hadithi za simba hao zimeazima majina kutoka Kiswahili, na aliyezoea lugha hiyo hatakosa kuona kejeli iliyomo: lugha ya Afrika ya Mashariki imetoa jina la shujaa Simba, na lafudhi ya Kidenmark imetoa sauti ya adui. Sinema ya Kiingereza ina desturi ya zamani ya kumpa mgeni uovu, kana kwamba matamshi yasiyokuwa ya kwao ni ushahidi wa dhamiri mbaya. Haifai kumlaumu mwigizaji kwa desturi aliyoikuta. Wala si kweli kwamba hakupata zaidi ya hayo: katika *Rogue One* ya mwaka 2016 alikuwa baba anayeihujumu kwa siri silaha aliyolazimishwa kuiunda, na katika *Arctic* ya mwaka 2018 alikuwa mtu aliyeanguka na ndege penye theluji, akibeba picha nzima karibu bila ya maneno. Lakini kwa jumla ada ni ile ile.

Atokee mbishi hapa na kusema kuwa hoja hii yavunjwa na *Hannibal*. Ubishi wake ni wa haki na wastahili jibu. Mfululizo huo wa televisheni ya Marekani, ulioundwa na Bryan Fuller, ulionyeshwa tangu mwaka 2013 hadi 2015, misimu mitatu na sehemu 39. Ni kazi ya Kiingereza, na Mikkelsen humo ni mwovu kupita waovu wote: daktari wa maradhi ya akili ambaye huua watu na kuwala. Jukumu hilo lilikwisha kuchezwa na Anthony Hopkins katika picha ya mwaka 1991, kwa namna ambayo ilikuwa vigumu kuisahau. Mikkelsen hakushindana naye. Hopkins alimwonyesha mnyama aliyekwisha kufungiwa. Mikkelsen alimwonyesha mwenyeji mkarimu. Daktari wake hupika, hupakua, huvuta kiti cha mgeni, huuliza habari. Mikono yake jikoni hufanya kazi kwa utaratibu wa mcheza dansi, kila kisu kikienda mahali pake. Wageni wamwonapo huona adabu; mtazamaji aonapo nyama sahanini hujua.

Na katika kujua huko ndimo jibu lilimo. Waliotunga *Hannibal* hawakumficha mtu wao mbele ya watazamaji. Walimfanya awe pazia kwa wahusika wenzake na dirisha kwa walioketi nyumbani, nao wakampa saa nyingi za kuonyesha kwamba mtu huyo wa kutisha ana upweke, na kwamba urafiki wake na Will Graham, aliyeigizwa na Hugh Dancy, ni haja ya kweli ijapokuwa ni haja yenye sumu. Kwa hiyo hoja ya awali yahitaji kusahihishwa. Lugha peke yake siyo inayomfanya Mikkelsen kuwa mtu kamili au nusu mtu. Kinachofanya hivyo ni muda na imani ya mtungaji. Ila muda huo na imani hiyo, kwa mwigizaji mgeni, hupatikana mara chache katika sinema kubwa. Na nyumbani alivipata tangu mwanzo.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni *Jagten*, yaani *Mawindo*, ya Thomas Vinterberg, iliyompa Mikkelsen tuzo ya mwigizaji bora huko Cannes mwaka 2012. Lucas ni mfanya kazi wa shule ya watoto wadogo katika mji mdogo. Ameachana na mkewe na apigania kukaa na mwanawe. Mtoto wa rafiki yake mkubwa, Theo, kwa hasira ya kitoto asema neno juu yake. Watu wazima, kwa nia njema na haraka mbaya, walijenga neno hilo mpaka likawa shitaka la kumdhulumu mtoto kwa uchafu. Hakuna mwovu katika hadithi hii. Mji mzima wawapenda watoto wake, na kwa upendo huo wakaribia kumwangamiza mtu asiye na kosa.

Mwigizaji dhaifu angelipewa jukumu hili angelilia mapema ili apate huruma. Mikkelsen achelewesha. Kwa muda mrefu Lucas ni mpole mno, hata mtazamaji atamani apige kelele. Aeleza kwa sauti ya chini, angoja akili ziwarudie wenzake, kwa kuwa ni watu aliokulia nao. Ndipo unapofika usiku wa mkesha wa Krismasi. Lucas, uso wake umevimba kwa kipigo alichopata dukani, aingia kanisani na kuketi kati ya watu waliomtenga. Watoto waimba. Yeye ageuka, amtazame Theo aliyeketi nyuma, arudisha uso mbele, ageuka tena. Mgeuko huo wa shingo ndio hotuba yake yote. Anapoinuka mwishowe na kumwendea rafiki yake, akimtaka amtazame machoni na kusema aonacho humo, mtazamaji amekwisha kuyasoma macho hayo kwa muda wa saa nzima. Theo aulizwa swali ambalo mtazamaji amekwisha kulijibu. Dirisha halijapata kuwa wazi zaidi ya hapo, na ubaya wa mji ni kwamba watu wote wamepita mbele yake bila ya kuchungulia.

Vinterberg na Mikkelsen walikutana tena katika *Druk* ya mwaka 2020, picha iliyopata Oscar ya picha bora ya kimataifa mwaka 2021. Walimu wanne wajaribu kuishi na kiasi kidogo cha pombe katika damu mchana kutwa, wakidai ni uchunguzi wa elimu. Mikkelsen ni Martin, mwalimu wa historia ambaye wanafunzi wake wamemchoka na mkewe haonani naye kwa zamu za kazi. Mapema katika picha, kwenye chakula cha kusherehekea umri wa mwenzao, Martin akataa pombe na kunywa maji. Kisha akubali bilauri moja, na ya pili, na machozi yamlenga mbele ya rafiki zake. Tukio hilo la mezani lina thamani sawa na tukio la kanisani katika *Jagten*, maana kinachoonekana ni mtu anayegundua huzuni yake wakati ule ule wengine wanapoigundua.

Mwisho wa picha hiyo umesifiwa mno, lakini si kila sifa imeulenga. Walimu wametoka kumzika mwenzao. Wanafunzi waliohitimu washangilia bandarini. Martin, aliyepata ujumbe wa matumaini kutoka kwa mkewe, aanza kucheza dansi. Mwigizaji aliyeacha dansi zaidi ya miaka ishirini kabla ya hapo auachia mwili wake wote, aruka, ajinyosha, anywa, aketi ghafula kana kwamba amekumbuka maziko, ainuka tena. Na picha yamwacha akiwa hewani juu ya maji. Wanaosema hiyo ni furaha wamekosea kwa nusu, na wanaosema ni kukata tamaa wamekosea kwa nusu nyingine. Mikkelsen aliucheza mwili wa mtu ambaye hajui bado kama ameokoka. Kuna jambo la nje linaloongeza uzito: siku chache tu baada ya upigaji picha kuanza mwaka 2019, binti wa mwongozaji alifariki katika ajali ya gari, na picha imetolewa kwa kumbukumbu yake. Dansi ile iliundwa na watu waliojua kuwa uhai na msiba hukaa nyumba moja.

Si kila ukimya wa nyumbani umefaulu kwa kiasi hicho. Katika *Bastarden*, picha ya Nikolaj Arcel ya mwaka 2023 iliyompa tuzo ya mwigizaji bora wa Ulaya, Mikkelsen ni Ludvig Kahlen, kapteni fukara wa karne ya 18 ambaye aazimia kulima mbuga kavu za Jutland ili apate cheo cha kiungwana. Kwa sehemu ndefu ya mwanzo Kahlen ni jabali tu, na bwana wa ardhi anayemtesa ni mkatili wa kupindukia; mtazamaji aweza kuhofu kuwa pazia la ugenini limefuata mwenyewe hadi kwao. Kinachoiokoa picha ni aibu. Walowezi wakataa kukaa na mtoto Anmai Mus kwa ajili ya rangi ya ngozi yake, na Kahlen, aliyekwisha kumzoea kama mwanawe, akubali kumpeleka mbali ili shamba lisife. Wakati huo jabali laingia ufa. Mtu aonekana akichagua ubaya huku akijua jina lake, na uso wa Mikkelsen haumtetei.

Yafaa kuuliza nani aliyemjenga mwigizaji huyu. Jina moja lajitokeza kuliko mengine, nalo ni Anders Thomas Jensen. Mtungaji huyo alishiriki kuandika *Efter brylluppet*, na *Bastarden* pia. Na katika picha zote sita ndefu alizoziongoza mwenyewe, tangu *Blinkende lygter* ya mwaka 2000 hadi *Den sidste viking* ya mwaka 2025, Mikkelsen yumo. Humo amekuwa mchinja nyama mwenye jasho na kiburi. Mchungaji ambaye apigwa hadi kutoka damu na bado adai hakuna ubaya duniani. Mtu ajidhaniaye kuwa John Lennon. Hakuna mnunuzi wa pazia ambaye angelimpa majukumu hayo ya kuchekesha na kuaibisha. Yaliandikwa na mtu aliyemfahamu miaka mingi, kwa lugha ya watu wapatao milioni 6, katika nchi ambayo taasisi yake ya filamu hutumia fedha za umma ili picha za lugha hiyo zisikome.

Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake ina wasemaji wengi mara nyingi kuliko Kidenmark, hana budi kuutafakari mfano huu bila ya haraka. Kipaji cha Mikkelsen kingelikuwa kile kile popote. Lakini kama asingalikuwa na watungaji wa kwao waliomwandikia Tonny, na Jacob, na Lucas, na Martin, dunia ingalimjua kwa leso yenye damu, na ingaliamini kwamba hayo ndiyo yote aliyokuwa nayo.